Lugha Ikinyang'anywa Kazi

Kisanduku cha Rediffusion hakikuwa redio kama tunavyoijua. Msikilizaji hakuwa na antena ya kuinua wala masafa ya kuyatafuta. Waya ulitoka barabarani, ukapenya ukutani na kuleta sauti moja kwa moja kutoka studio, naye mwenye nyumba au mwenye mkahawa akalipa ada yake kila mwezi. Huduma hiyo ilianza Singapuri mwaka 1949, na kwa zaidi ya miaka thelathini visanduku hivyo vilining'inia katika mikahawa, vibanda vya vinyozi na nyumba za watu wa kawaida. Kuli wa bandarini, mchuuzi wa mboga na fundi viatu walikaa chini ya kisanduku kimoja wakimsikiliza Ong Toh akisimulia kwa Kihokkien visa vya wafalme na mashujaa wa China ya kale, sehemu kwa sehemu, siku baada ya siku. Lee Dai Sor alifanya vivyo hivyo kwa Kikantoni. Kufikia mwisho wa mwaka 1982 vipindi vya namna hiyo vilikuwa vimeondolewa hewani. Waya ulibaki palepale ukutani, lakini wazee waliokuwa wakiusubiri usimulizi wa jioni walikuta wanazungumzishwa kwa lugha nyingine.

Lugha iliyonyamazishwa haikuwa nyonge. Kihokkien ni lugha ya kusini mwa jimbo la Fujian, ya miji ya Xiamen, Zhangzhou na Quanzhou. Quanzhou ndiyo bandari ambayo mabaharia Waislamu waliiita Zaitun. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliisifu baadaye kuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa alizowahi kuziona. Kutoka pwani hiyo lugha ilisafiri kwa pepo za msimu, ndugu wa kusi na kaskazi yetu, hadi Taiwan, Manila, Melaka, Penang na Medan. Nchini Singapuri, sensa ya mwaka 1957 ilikuta asilimia 30 ya wakazi wote wakikitaja Kihokkien kuwa lugha yao ya mama, na waliotaja Kimandarini walikuwa asilimia 0.1 tu. Sokoni, Wamalei na Watamil wengi walijua kupatana bei kwa Kihokkien. Jeshi lilipoanza kuandikisha vijana kwa lazima mwaka 1967, wale ambao hawakusoma waliwekwa katika platuni zilizoamrishwa kwa lugha hiyo. Hata Lee Kuan Yew, waziri mkuu aliyekulia katika Kiingereza, alijifunza Kihokkien mwaka 1961 ili awahutubie wapiga kura wa Hong Lim katika uchaguzi mdogo, maana kwa Kiingereza asingewafikia.

Lee huyohuyo ndiye aliyezindua Kampeni ya Kuzungumza Kimandarini mnamo tarehe 7 Septemba 1979. Mtu hakupelekwa jela kwa kusema lugha ya bibi yake. Lugha ilipunguziwa majukumu moja baada ya jingine mpaka ikabaki mikono mitupu. Tamthilia za Kikantoni kutoka Hong Kong zikawekewa sauti za Kimandarini kabla ya kuonyeshwa. Redio ikafuata. Waziri mkuu mwenyewe akaacha kuhutubia kwa Kihokkien. Shuleni, mtoto wa ukoo wa Tan akaanza kuitwa Chen. Soko la Tekka lilipohamia jengo jipya mwaka 1982 likapachikwa jina la Zhujiao, yaani jina lilelile kwa matamshi ya Kimandarini. Wauzaji na wateja, wengi wao Wahindi na Wamalei, wakaendelea kusema Tekka, na mwaka 2000 bango likarudishwa. Majina ya watu na mazungumzo ya nyumbani hayakupata bahati hiyo. Mwaka 2000, wakazi wa umri wa miaka mitano na kuendelea ambao nyumbani walitumia zaidi lugha za Kichina zisizo Kimandarini, Kihokkien kikiwa kikubwa miongoni mwazo, walikuwa asilimia 23.8. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 14.3. Mwaka 2020 walibaki asilimia 8.7.

Takwimu hizo husomwa mara nyingi kama habari ya watu walioichoka lugha yao. Mimi nazisoma vingine. Naamini lugha hupoteza kazi kwanza na wasemaji baadaye, kama kijiji kinavyopoteza vijana wake mnada ukihamishiwa kwingine. Mama anayemlea mtoto hutazama mbele. Hujiuliza lugha ipi itamsomea mtoto huyu taarifa ya habari, itamwandikia barua ya kazi, itamsikiliza hospitalini na kumtetea mahakamani. Akiona kwamba lugha yake haimo katika lolote la hayo, huanza kumsemesha mtoto lugha nyingine, tena kwa mapenzi. Ndiyo maana inawezekana lugha ikapendwa, ikaimbwa na kuliliwa, huku ikiendelea kutoka vinywani mwa watoto.

Bonde la Kathmandu linatoa ushahidi mkali zaidi, kwa sababu huko mapenzi hayakupungua hata chembe. Lugha ya Wanewar, ambayo wenyewe huiita Nepal Bhasa, ni mojawapo ya mamia ya lugha za Kitibeti-Kiburma zilizotapakaa kuanzia Himalaya hadi Myanmar na kusini-magharibi mwa China. Wanaisimu wengi huziweka katika ukoo mmoja mkubwa na lugha za Kichina, kwa hiyo Kinewar na Kihokkien ni jamaa wa mbali. Kinewar kilikuwa lugha ya wafalme wa Malla, kimeandikwa katika mawe, mabamba ya shaba na vitabu vya dini. Baada ya watawala wa Gorkha kuliteka bonde hilo mwaka 1768 na 1769, kazi zikaanza kuhama. Mwaka 1906 hati zilizoandikwa kwa Kinewar zilinyimwa nguvu ya kisheria, na hapo mwenye shamba akajua kwamba mkataba wa babu yake hautamsaidia kitu mbele ya hakimu. Washairi nao wakaanza kufungwa. Chittadhar Hridaya alitiwa gerezani mwaka 1941 kwa sababu ya shairi, na humo gerezani akatunga utenzi mrefu wa maisha ya Buddha, Sugata Saurabha. Mwaka 1965 Redio Nepal ilipoondoa matangazo ya Kinewar, watu walitoka kwenye viwanja vya mitaa yao, wakaghani mashairi na kuimba hadharani kupinga uamuzi huo. Singapuri haikuona kitu cha namna hiyo mwaka 1982.

Pamoja na ushujaa huo wote, sensa ya Nepal ya mwaka 2011 ilihesabu Wanewar zaidi ya milioni 1.3, na kati yao, zaidi ya theluthi moja hawakuitaja lugha hiyo kuwa lugha yao ya mama. Manispaa ya Kathmandu ilikuwa imejaribu mwaka 1997 kuirudisha ofisini, ili raia aweze kuhudumiwa kwa Kinewar katika mji ambao Wanewar ndio waliojenga mahekalu yake. Tarehe 1 Juni 1999 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba hatua hiyo inakiuka katiba, na Wanewar wengi huikumbuka tarehe hiyo kwa majonzi kila mwaka. Mahali ambapo lugha imeshika vizuri zaidi ni kama Bhaktapur na miongoni mwa wakulima, ambako shamba, sherehe za miungu na guthi bado vinaendeshwa kwa Kinewar. Guthi ni vyama vya ukoo na mtaa vinavyosimamia mazishi, mahekalu na mali ya pamoja. Kijana asiyejua lugha huko hupata tabu kushiriki kikamilifu. Serikali ilipoleta muswada wa kuvigusa vyama hivyo mwaka 2019, barabara za Kathmandu zilifurika watu mpaka muswada ukaondolewa. Ukiona vyaelea, vimeundwa: lugha ya Bhaktapur inaelea juu ya kazi ambazo hazijapata mrithi.

Kuna wanaosema kwamba serikali ya Singapuri haikuwa na budi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Wachina wa kisiwa hicho walikuwa vidole vilivyotawanyika: Wahokkien, Wateochew, Wakantoni, Wahakka, Wahainan. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1854 Wahokkien na Wateochew walipigana kwa siku kadhaa na mamia ya watu wakauawa. Nakubali kwamba jamii iliyogawanyika hivyo ilihitaji lugha ya kukutana, na sioni kosa katika kufundisha Kimandarini kwa bidii. Ninachokikataa ni kwamba ujenzi wa daraja ulidai kubomolewa kwa nyumba za pande zote mbili. Penang, shule za Kichina zimefundisha kwa Kimandarini kwa miongo mingi, huku mitaa ikiendelea kuzungumza Kihokkien, na hakuna aliyerudi kwenye mapanga ya 1854. Serikali ya Singapuri yenyewe imekiri kwa vitendo kwamba lugha hizo bado zinahitajika. Mwaka 2014, ilipotaka wazee waelewe mafao yao, yaliyoitwa ya Kizazi cha Waasisi, ilitengeneza video kwa Kihokkien na lugha nyingine za namna hiyo. Mwaka 2016 tamthilia ya Kihokkien iliyoongozwa na Royston Tan ikaonyeshwa kwenye Channel 8, nayo pia ikiwalenga wazee. Hatua hizo ni njema. Lakini lugha inayopewa kazi moja tu, ya kuwafikia wazee, imekwisha kutangaziwa siku ya kuondoka kwake.

Pingamizi zito zaidi ni la elimu. Mshika mbili moja humponyoka, na ripoti ya elimu iliyoongozwa na Goh Keng Swee, iliyotolewa mwaka 1979, ilionyesha kwamba watoto wapatao asilimia 85 walikuwa wakifundishwa kwa lugha ambazo hawakuzisema nyumbani. Wengi waliacha shule bila kusoma vizuri lugha yoyote. Walioandika ripoti hiyo walikuwa na uchungu wa kweli na watoto hao, na anayeipinga kampeni bila kulitaja hilo hawatendei haki. Ila dawa iliyotolewa ilidhani kwamba kichwa cha mtoto ni kikapu kinachojaa, na kwamba ukitoa Kihokkien nafasi itabaki kwa ajili ya Kimandarini. Mtoto wa Tanga, Mombasa au Bukavu anayeingia darasa la kwanza na lugha mbili au tatu mdomoni ni wa kawaida sana kwetu, hata hatumwoni kuwa wa ajabu. Na ushahidi wa Singapuri yenyewe ni mchungu. Mwaka 2010 Kimandarini kilikuwa lugha kuu ya nyumbani kwa asilimia 35.6 ya wakazi na Kiingereza kwa asilimia 32.3. Miaka kumi baadaye Kimandarini kimeshuka hadi asilimia 29.9, na Kiingereza kimepanda hadi 48.3. Nafasi iliyoachwa wazi na Kihokkien haikukaliwa na mpangaji aliyeandaliwa.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mzazi wa 1979 aliambiwa lugha ya nyumbani huchaguliwa kwa faida yake, na kwamba ya bibi haina faida. Alisadiki, akamfundisha mwanawe Kimandarini. Mwana huyo alipokuwa mzazi alitumia kipimo kilekile alichorithi, akaona Kiingereza kinalipa zaidi, akamlea mtoto wake kwa Kiingereza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kilichovunjika hapo ni mazoea yenyewe ya kupokea lugha kutoka kwa mkubwa na kuikabidhi kwa mdogo, na mazoea hayo, yakishavunjwa kwa lugha moja, hayailindi nyingine.

Wengine hujifariji kwamba Kihokkien kipo salama Fujian na Taiwan, chenye mamilioni ya wasemaji, kwa hiyo kikitoweka Penang au Singapuri dunia haijapungukiwa. Faraja hiyo inawasahau watu. Kihokkien cha Penang kilikaa na Kimalei kwa zaidi ya karne mbili, kikaoana nacho. Hapo jiwe ni batu, polisi ni mata, na mtu anaweza kupitia lugha tatu ndani ya sentensi moja bila kusita. Sabuni huitwa sapbun, neno linalodhaniwa kuchukuliwa kwa Wamalei, ambalo kwa msomaji wa Kiswahili halihitaji mkalimani. Namna hiyo ya kusema ni kumbukumbu ya watu waliokuja bila ardhi, wakanunua na kuuza na majirani, wakaoa na kuzikana mahali ambapo babu zao hawakupajua. Xiamen haiwezi kuwatunzia kumbukumbu hiyo kwa sababu haikuwahi kuwa nayo.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kwa wataalamu: iandikeni, irekodini, lugha itabaki kabatini. Naiheshimu kazi hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Kamusi ya Carstairs Douglas, mmisionari wa Kiskoti aliyeishi Xiamen, ilitoka mwaka 1873 bila herufi hata moja ya Kichina. Aliandika kila neno kwa herufi za Kilatini kama lilivyosikika, kwa sababu maneno mengi ya Kihokkien hayakuwa na herufi ya Kichina iliyojulikana, na kama angesubiri ipatikane angeyaacha nje ya kitabu. Kwa upande wa Kitibeti-Kiburma, James Matisoff na wenzake wa Berkeley walitumia karibu miaka thelathini, tangu 1987, kulinganisha maneno ya lugha nyingi ili kuipata mizizi yake ya kale. Lakini kabati lina mipaka yake, na aliyeilipia kweli hiyo kwa gharama kubwa ni Kitangut.

Kitangut kilikuwa na kila kitu ambacho watetezi wa lugha ndogo hukiombea. Kilikuwa na dola, Xia ya Magharibi, kaskazini-magharibi mwa China ya leo. Kilikuwa na mwandiko wake, uliotangazwa mwaka 1036, wenye herufi zipatazo 6,000, nyingi zikiwa na mistari iliyosongamana kiasi kwamba jicho lisilozoea haliwezi kutofautisha moja na jirani yake. Kilikuwa na sheria, methali, vitabu vya Buddha na kamusi. Mwaka 1227 Wamongolia waliivunja dola hiyo. Mwandiko ukaendelea kuishi kwenye mawe ya dua, ya mwisho yanayojulikana yakiwa ya mwaka 1502, kisha kimya. Mwaka 1908 na 1909 Mrusi Pyotr Kozlov alichimbua katika magofu ya Khara-Khoto maelfu ya kurasa ambazo hakuna mtu hai aliyeweza kuzisoma kwa sauti. Miongoni mwazo kulikuwa na kitabu kidogo cha mwaka 1190 cha Kitangut na Kichina, kilichotungwa ili majirani waelewane, na kitabu hicho ndicho kilichofungua mlango. Nikolai Nevsky aliyatoa maisha yake kwa maandishi hayo. Alipigwa risasi Leningrad mwaka 1937, na miaka 25 baadaye nchi yake ikampa Tuzo ya Lenin akiwa kaburini.

Leo wataalamu wanaokisoma Kitangut wanategemea sana ndugu zake walio hai, lugha za Rgyalrong za magharibi mwa Sichuan. Moja ni Kijaphug, chenye wasemaji wasiofika 10,000, ambacho sarufi yake kubwa iliandikwa na Guillaume Jacques na kutoka mwaka 2021. Wafugaji na wakulima ambao lugha yao haikuwa na dola wala mwandiko ndio wanaotusaidia kuelewa jinsi vitenzi vya watu wa dola ile vilivyojengwa. Mwandiko ulikihifadhi Kitangut kama maiti. Wajaphug wameendelea kuamkia kazi kwa lugha yao, wakikemea mbuzi na kulea watoto, na ndiyo maana wao wana sauti.

Taiwan imeanza kulielewa jambo hili, baada ya hasara kubwa. Chini ya utawala wa kijeshi, mtoto aliyesema Kihokkien shuleni alitozwa faini au kuvikwa kibao shingoni, adhabu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza pia kuhusu shule za Kenya ya kikoloni. Mwaka 2018 bunge lilipitisha sheria inayozitambua lugha za kisiwa hicho kuwa lugha za taifa, na mwaka 2019 televisheni ya umma ikafungua chaneli nzima ya Kihokkien yenye habari, vibonzo vya watoto, mapishi na mijadala ya siasa. Vijana wengi wa huko bado huzungumza Kimandarini wao kwa wao, na chaneli moja haitayabadilisha hayo kwa mwaka au miaka mitano. Lakini sasa mtoto anaweza kumsikia mtu mzima akifanya kazi ya mshahara kwa lugha ya bibi yake, na hilo bibi peke yake asingeweza kumpa.

Singapuri, waliokuwa darasa la kwanza kampeni ilipoanza wamevuka miaka hamsini. Wengi wao walikisikia Kihokkien kabla ya lugha nyingine yoyote, na bado wanakijua vya kutosha kutania, kupatana bei na kubishana. Wajukuu wao ndio kwanza wanazaliwa. Kinachotakiwa ni ruhusa na ratiba: taarifa ya habari ya kila siku kwa watu wa rika zote, posho kwa muuguzi anayekijua, somo la hiari shuleni kwa anayelitaka, na mtangazaji kijana anayelipwa kwa kukisema. Kimandarini hakitapoteza chochote kwa hayo, wala Kiingereza.